Niliachia 911 nikachukua M3 ya milango minne: jibu kwa anayesita

Mkuu, umesema una Porsche 911, mkeo ana ujauzito wa miezi sita, na unapiga hesabu za kuiachia gari uchukue sedani yenye mbio. Umeuliza mambo matatu: uuze kweli, utajuta, na ukiuza uchukue ipi. Mimi nilipita hapo hapo miaka miwili iliyopita. Utajuta, ndiyo, ila si kila siku, na si kwa sababu unazoziwaza sasa hivi.

Yangu ilikuwa Carrera S ya 2013, kizazi cha 991 kabla hawajaiwekea turbo. Lita 3.8, silinda sita zilizolala, nguvu farasi 400, gia saba za mkono. Nilikaa nayo miaka minne. Na kilichonifanya niuze si mtoto, ingawa mtoto husingiziwa sana kwenye mambo haya. Siku moja nilikuwa najaza fomu ya bima, nikatakiwa kuandika kilomita. Nikaenda kuchungulia dashibodi: mwaka mzima nimetembea kilomita 2,900. Gari ninalolisifia kila tukikaa na washkaji! Nikaanza kujihoji. Mvua ikinyesha naiacha nyumbani. Nikienda mahali nisipojua maegesho yake, naiacha. Tukiwa watatu, naiacha. Njia yenye matuta ndiyo kabisa, maana bampa la mbele lilishasugua chini mara mbili, na ule mlio wa krrrr ukiusikia mara moja unakaa nao kifuani wiki nzima. Nilishageuka mlinzi wa gari, si dereva wake.

Kwa hiyo kabla ya yote, angalia kilomita zako za mwaka jana. Kama unaiendesha sana, mvua na jua, mimi nisingekushauri uuze. Tafuta gari la pili la kawaida la kubebea mtoto, maisha yaendelee. Kama iko kama yangu, endelea kusoma.

Halafu fanya jaribio moja wiki hii. Chukua kiti cha kichanga, kile kinachotazama nyuma, ukifunge siti ya nyuma ya 911. Kiliingia changu, ila baada ya kusogeza siti ya abiria mbele mpaka magoti ya mke wangu yakagusa dashibodi. Akakaa hivyo kimya kidogo, tumbo liko pale, kisha akasema, "Haya, baba kijacho, na begi la nepi tunalipakata?" Sikuwa na jibu. Na usije ukashawishika kukihamishia siti ya mbele huku mfuko wa hewa wa abiria unafanya kazi. Ukifumuka unakipiga kile kiti mgongoni, kichwa cha mtoto ndiko kilipo.

Nikachukua BMW M3 Competition, hii ya kizazi cha G80, yenye M xDrive, yaani injini inasukuma matairi yote manne. Kwenye makaratasi ni kipigo: farasi 510, sifuri hadi mia sekunde 3.5, wakati 911 yangu ilikuwa 4.5. Sekunde nzima! Buti lita 480, siti za nyuma watu wazima wawili wanakaa vizuri na watatu wakivumiliana. Ila wiki za kwanza nilihisi naenda polepole, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Sababu iko kwenye injini. Ile lita 3.8 ya 911 msukumo wake mkubwa (torki), Nm 440, ulikuwa unafika kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. Chini ya hapo ni gari la heshima tu. Ukitaka mambo lazima uitafute: ushushe gia mbili, ukanyage, usubiri sindano ipande kuelekea 7,800 na ule mlio ubadilike nyuma ya kichwa chako. Kila mbio ulikuwa umezifanyia kazi. M3 ina turbo mbili, Nm 650 zote ziko mezani kuanzia 2,750. Unagusa mafuta kidogo, mwenzako wa nyuma kashabaki. Hujafanya chochote. Ukiangalia spidi ndipo unashtuka. Kwa hiyo inakimbia zaidi lakini inakuchangamsha kidogo tu, na hapo ndipo majuto yangu yalipo mpaka leo.

Na uzito hauongopi. 911 ile ilikuwa na karibu kilo 1,400, M3 hii ni karibu 1,800. Unausikia kwenye kona ndefu ukifunga breki huku umeshaanza kukata. Inashika, tena inashika kwelikweli, lakini 911 ilikuwa ni kama kiatu na hii ni kama buti la jeshi lililoshonwa vizuri. (Watakuja wale wa 997, kizazi kilichotangulia, waseme hata usukani wa 991 ni wa umeme, hauna ladha. Sawa, nimewasikia.)

Kilichoniokoa ni vile vitufe viwili vyekundu vya usukani, M1 na M2. M1 nimeiwekea shokapu laini, usukani mwepesi, injini kali: hiyo ndiyo ya kila siku, mtoto kalala nyuma. M2 nimeifungulia mengi zaidi, na huko ukizima kabisa kidhibiti cha kuteleza unaweza kuiambia gari itumie matairi ya nyuma peke yake. Sifanyi hivyo barabarani na wewe usifanye. Nilifanya siku moja kwenye uwanja wa mbio, nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Sasa gharama, maana naona unaandika "gari la matumizi" kana kwamba litakuwa rahisi. Si rahisi. Matairi yangu ni 275/35 ya inchi 19 mbele na 285/30 ya inchi 20 nyuma. Ukuta wa tairi ni mwembamba, shimo moja likikupata vibaya rimu imeondoka, na tairi la akiba halimo. Mimi nimeshapoteza moja la nyuma. Breki za kauri ziache, labda uwe mtu wa uwanjani kila mwezi. Zile siti za kaboni nazo kaa ndani dakika 20 kabla hujazisifia: kuna nundu katikati ya mapaja, kila unaposhuka unajikuta unajieleza. Mafuta itakunywa kuliko 911 kwa sababu utaiendesha kila siku. Yangu mwaka wa kwanza ilienda kilomita 18,000. Na jua kwamba kwa kawaida 911 hushika bei kuliko sedani yoyote ya aina hii. Kwa hesabu za pesa peke yake, unatoka kwenye kinachoshuka taratibu unaingia kwenye kinachoshuka kwa kasi.

Nilipokosea ni kwenye mauzo. Nilipeleka 911 kwa muuzaji yule yule niliyetaka M3 yake, nikabadilisha kwa kuongeza pesa. Alinipa punguzo zuri kwenye M3, nikafurahi, nisijue kalirudisha lote kwenye bei aliyoniwekea 911. Wiki tatu baadaye nikaiona kaitangaza, na ile tofauti ingenilipia matairi seti kadhaa na bima juu. Fanya biashara mbili tofauti: tafuta mnunuzi wako mwenyewe kwanza, ukishajua bei ya gari lako ndipo uende kwa muuzaji. Na kwa kuwa yako nayo ni ya gia za mkono, mnunuzi anayejua atataka ripoti ya kompyuta ya injini. Kompyuta ile inaweka kumbukumbu ya mizunguko iliyozidi kiwango, kwa ngazi moja hadi sita. Ukiwahi kuingiza gia ya pili ukidhani ni ya nne, imeandikwa. Itoe wewe mwenyewe mapema, usisubiri aje akushushie bei nayo.

Ukichukua M3 ya mtumba, uliza kama ile huduma ya kilomita 2,000 ilifanyika. Baada ya kipindi cha kuizoesha injini mpya hubadilishwa oili, na mtu aliyeiruka hiyo sijui kaziruka ngapi nyingine. Ukishawishika na ile M3 ya zamani ya silinda nane (V8) ya lita 4.0, mlio wake mtamu sana, lakini zile beringi za konrodi, yaani za mikono ya pistoni, zina sifa mbaya ya kuisha mapema. Usinunue bila rekodi.

Nyingine nilizoendesha: Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, farasi 510 nazo, usukani mwepesi wa kujibu, ndiyo iliyonikumbusha 911 kuliko zote. Nisingekuwa na fundi wa uhakika wa M3 karibu ningeichukua. Mercedes-AMG C63 S ya V8 ina kelele tamu na tabia ya kilevi. Iliyoifuata, ya silinda nne na umeme, ina farasi 680, lakini imepita kilo 2,100 na betri imekula sehemu ya buti. Sasa hilo buti si ndilo tulilokuwa tunalitafuta?

Ile pua ya M3, yenye matundu mawili marefu, kila mtu ataisema. Mama mkwe wangu aliizunguka mara moja akauliza kama imegongwa. Mimi nakaa ndani, siioni.