Boksi limebadilika, je, dawa nayo?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza juu ya majina na namba za dawa za homoni. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye boksi, maana humu herufi mbili zikiyumba dawa inakuwa nyingine.

Shikamoo. Nameza Euthyrox mwaka wa nne sasa, tangu tezi ya shingo ilipopungukiwa nguvu. Mwezi huu nimepewa boksi limeandikwa Eltroxin. Nilipouliza nikaambiwa "ni ile ile". Naogopa kuimeza.

Marahaba, mwanangu. Aliyekujibu hakukosea, ila angekuonyesha kwa kidole. Weka maboksi yote mawili mezani. Yaache yale maandishi makubwa ya rangi, tafuta madogo yaliyo chini yake. Kote utakuta neno moja: levothyroxine. Hilo ndilo jina la dawa. Yale makubwa ni ya kampuni, na kampuni huipa bidhaa yake jina inalolitaka.

Majina madogo hayaokotwi njiani. Tangu 1950 Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mpango wa kukipa kila kiambato cha dawa jina moja la kimataifa, na orodha ya kwanza ilitoka 1953. Leo majina yamepita 10,000. Jina likipendekezwa, wenye pingamizi hupewa miezi minne ya kusema. Likipita, ni mali ya wote, halimilikiwi na yeyote. Mwaka 1993 nchi wanachama ziliongeza ulinzi mwingine: zikataka kampuni ziache kubuni majina ya biashara yanayochotwa humo. Kwa hiyo mwenye kiwanda hiki na mwenye kiwanda kile wote wanalazimika kukuandikia levothyroxine, hata kwa herufi za kukazia macho.

Kuna jambo ambalo "ni ile ile" halikukwambia. Dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, na mwili huihisi hata tofauti ndogo. Vidonge vya viwanda viwili vinaweza kuingia kwenye damu kwa viwango vinavyopishana kidogo. Basi hakikisha namba ya nguvu haikubadilika (kama ni 75, iwe 75), usiache kumeza, mwarifu daktari kwamba umebadilishiwa, na baada ya wiki sita hadi nane upimwe damu kuona TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo. Kipimo hicho kitakujibu vizuri kuliko mimi.

Kwenye karatasi ya hospitali, pembeni ya plasta ninazobandika kwa ajili ya kukoma hedhi, kuna G03CA03. Ni namba ya ugonjwa?

Hapana, dada. Magonjwa yana daftari lao. Hiyo ni anwani ya dawa katika mpangilio uitwao ATC, ulioanzia Norwei miaka ya 1970 na ambao tangu 1982 unatunzwa na kituo cha WHO kilichoko Oslo. Isome kama unaelekezwa nyumba, mtaa kwanza, mlango mwisho. G ni mfumo wa uzazi na mkojo pamoja na homoni za jinsia. G03 ni homoni za jinsia zenyewe. G03C ni estrojeni. G03CA ni estrojeni za asili na zinazokaribiana nazo, zikiwa peke yake bila kuchanganywa na homoni nyingine. Zile 03 za mwisho ndiyo mlango wa estradiol. Herufi na tarakimu ni saba, ngazi ni tano.

Homoni hazikai mtaa mmoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Ipo herufi H, mtaa wa homoni, lakini mlangoni pameandikwa kwamba homoni za jinsia na insulini haziingii. Levothyroxine imo (H03AA01), prednisolone, ile ya kutuliza uvimbe, imo. Insulini utaikuta A10, pamoja na dawa nyingine za kisukari, chini ya mfumo wa chakula na umetaboli, yaani namna mwili unavyokitumia chakula. Nilipoanza kazi nilihangaika nikiitafuta kwenye H, nikidhani kitabu kina kasoro.

Anwani hiyo haielezi kila kitu. Plasta, jeli na kidonge cha estradiol vyote ni G03CA03. Hata estradiol valerate, ambayo ni estradiol iliyofungwa na kitu kingine, iko mlango huo huo, ingawa miligramu 2 zake zinabeba estradiol kama miligramu 1.5 tu. Msimbo unamfaa anayehesabu dawa za nchi nzima. Wewe unayebandika plasta chini ya kitovu au nyongani, soma boksi.

Nachoma sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu. Binti yangu ametafuta medroxyprogesterone kwenye orodha, akaikuta kwenye dawa za saratani. Nimefichwa nini?

Hujafichwa kitu, mama, na binti hakusoma vibaya. Angeendelea kutafuta angeikuta mara tatu. Ni G03AC06 inapotumika kuzuia mimba, G03DA02 inapotumika kwa matatizo ya hedhi na tiba za namna hiyo, na L02AB02 inapotumika kwenye baadhi ya saratani, kwa vipimo vikubwa kuliko vyako.

Kanuni ya mpangilio ni kwamba dawa hupewa msimbo kwa kazi yake kuu. Ila pale nguvu au umbo la dawa linapoonyesha wazi kwamba limetengenezwa kwa kazi tofauti, hupewa msimbo wa pili, au wa tatu. Finasteride ni mfano mzuri: kidonge cha miligramu 5 cha tezi dume ni G04CB01, na cha miligramu 1 cha kuzuia nywele kunyonyoka ni D11AX10. Hakuna anayesema mwenye kipara ana ugonjwa wa tezi dume. Sindano yako ya miligramu 150 iko kwenye ule msimbo wa kwanza.

Mume wangu ana saratani ya tezi dume. Alikuwa akichomwa goserelin, sasa wamemwandikia leuprorelin. Hii nayo ni kubadilishiwa boksi tu?

Hapana, hapa kimebadilishwa kiambato chenyewe. Ni ndugu, si mtu mmoja. Tazama miisho ya majina: zote zinaishia na -relin. WHO huziwekea dawa za ukoo mmoja silabi ya kuzitambulisha, na -relin huwekwa kwenye dawa zinazofuata nyayo za homoni inayoiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Zikitolewa mfululizo, tezi hiyo inachoka kuamrisha, na testosteroni inashuka. Mlango wa goserelin ni L02AE03, wa leuprorelin L02AE02. Ni majirani wa ukuta mmoja.

Kwa hiyo madaktari kubadili kutoka hii kwenda ile si ajabu. Linaloleta hofu nyumbani ni miligramu. Goserelin ya mwezi ni 3.6, leuprorelin ya mwezi inaweza kuwa 3.75 au 7.5, kutegemea aina iliyotengenezwa. Msizilinganishe. Kila dawa ina mizani yake. Mkiona mahali pameandikwa leuprolide, hiyo sasa ndiyo leuprorelin yenyewe. Marekani wana orodha yao ya majina, na kwa dawa hii hawakwenda na wenzao.

Prednisone na prednisolone: tofauti ni ya uandishi?

Ni dawa mbili, H02AB07 na H02AB06. Ini huigeuza prednisone kuwa prednisolone ili ifanye kazi, na ndiyo maana kwa watu wengi miligramu 5 za hii ni sawa na 5 za ile. Mwenye ini lililochoka sana mara nyingi hupewa ile ya pili moja kwa moja. Mkanganyiko wa majina ni mkubwa kiasi kwamba Marekani yapo maelekezo ya kukuza herufi zinazotofautisha: predniSONE, prednisoLONE. Kwenye orodha hiyo hiyo zimo medroxyPROGESTERone, methylPREDNISolone na methylTESTOSTERone, homoni tatu ambazo kwa mwandiko wa haraka zinafanana kama mapacha. Sipendi jinsi maandishi hayo yanavyoonekana, lakini napenda yanachokizuia.

Boksi la zamani la mama limeandikwa oestradiol, langu estradiol. Langu ni la bandia?

Si kwa sababu hiyo. Uingereza walikuwa wakiandika kwa O mbele, kisha wakafuata tahajia ya kimataifa. Kanuni za WHO zinapendekeza e badala ya oe, f badala ya ph, t badala ya th, i badala ya y, ili jina lisomeke kwa urahisi katika lugha nyingi. Sisi tunaoandika estrojeni na fosfeti tulikwisha fika huko. Levothyroxine yenyewe, hata hivyo, imebaki na th na y yake.

Nimeona kwenye jedwali kwamba kipimo cha siku cha levothyroxine ni miligramu 0.15. Mimi nameza mikrogramu 75. Je, nimepewa nusu?

Umepewa chako. Ile 0.15, yaani mikrogramu 150, ni kipimo cha kuhesabia. Ni wastani unaokadiriwa kwa mtu mzima anayetumia dawa kwa kazi yake kuu, uliowekwa ili watu walinganishe matumizi ya dawa kati ya nchi na nchi, au mwaka na mwaka. Hakikupimwa kwa damu yako wala kwa uzito wako. Estradiol nayo imewekewa miligramu 2 kwa kidonge na mikrogramu 50 kwa plasta, na wapo wengi wanaotibiwa vizuri kwa chini ya hapo. Tafadhali usijiongezee kidonge kwa sababu ya jedwali la takwimu.

Nasafiri nje kwa miezi sita, natumia insulin glargine na levothyroxine. Ninakili ile namba ndefu iliyo kwenye boksi?

Iache, kaka. Namba hiyo ni ya bidhaa au paketi, na kila nchi ina yake. Ya Marekani, NDC, imegawanyika sehemu tatu: kampuni, bidhaa na paketi. Ya Canada, DIN, ina tarakimu nane. Huko uendako mfamasia anaweza kuiingiza kwenye kompyuta na asione kitu. Jina la kimataifa ndilo linalovuka mpaka.

Mwombe daktari akuandikie karatasi yenye jina hilo, nguvu ya dawa, umbo lake, kiasi na saa za kutumia. Kwa levothyroxine neno mikrogramu liandikwe lote. Alama yake ikisomwa mg, umezidishiwa mara elfu moja.

Kwa glargine, ile insulini ya kutwa nzima, nguvu ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi. Ipo ya uniti 100 kwa mililita na ipo ya uniti 300, jina la kiambato ni hilo hilo, na hazibadilishani hivi hivi bila daktari. Neno uniti nalo liandikwe zima. Herufi U ikiwa peke yake baada ya namba imewahi kusomwa sifuri, mtu wa uniti 10 akachomwa 100.