Kwa walimu wapya: kufundisha majanga ya magonjwa na uvumi kwa njia ya mtandao

Mwalimu mpya wa maarifa ya jamii anayefundisha kwa njia ya mtandao hushawishika kuanza somo la majanga ya magonjwa kwa kutaja uzushi uliowahi kuenea na kuukanusha mmoja baada ya mwingine. Nilivyoona mimi, mwanafunzi aliye peke yake mbele ya skrini huondoka akiukumbuka uzushi na kusahau kanusho. Mpeni kwanza ramani, nanyi mnyamaze kidogo aisome mwenyewe.

Ninayoitumia zaidi ni ya daktari John Snow, inayohusu kipindupindu kilichozuka katika mtaa wa Broad Street, London, mwaka 1854 na kuua watu zaidi ya 600. Kila kifo kimewekewa mstari mfupi mweusi kwenye nyumba ya marehemu, na mistari hiyo imerundikana kuizunguka pampu moja ya maji. Wanafunzi huliona hilo upesi, lakini msikomee hapo. Waulizeni ni kwa nini kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na pampu hakikupoteza mfanyakazi, kisha waachieni wenyewe wagundue kwamba watu wale walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Halafu wasimulieni habari za mjane wa Hampstead, mbali na mtaa huo, aliyefariki kwa kuwa aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa chupa kubwa kila siku. Swali la jinsi maji yalivyofika huko huwachangamsha hata wale wasiowasha kipaza sauti, na ndipo wanapong'amua kwamba ukaribu peke yake si ushahidi.

Kisa hiki nacho kikaguliwe. Husimuliwa kana kwamba ramani ndiyo iliyomfichulia Snow pampu, mpini wa pampu ukaondolewa isitumike na ugonjwa ukakoma, ilhali yeye aliyashuku maji tangu awali, ramani akaichora baadaye, na vifo vilikuwa vimeshapungua mpini ulipoondolewa tarehe 8 Septemba, jambo alilolikiri mwenyewe. Wapangeni wanafunzi wawili wawili wayaweke matukio hayo katika mfuatano wake. Watajionea jinsi habari yenye ukweli inavyopotoka kwa kubadilishwa mpangilio tu.

Strasbourg, mji wa Ulaya, ya mwaka 1349 ni somo zito zaidi. Wayahudi wa mji huo walichomwa moto mwezi Februari kwa uvumi kwamba walitia sumu visimani, kabla tauni yenyewe haijafika mjini. Mwanafunzi akizifuata njia za biashara kwenye ramani huona uvumi ukitangulia ugonjwa katika njia zilezile. Msilifundishe hili dakika za mwisho, kwa sababu mkikata mawasiliano hamtajua mtoto amebaki na nini.

Upande wa vifaa, tumeni ramani mapema kama picha nyepesi, basi.

Kwa kazi ya nyumbani mimi hutoa ramani ya rangi ya ugonjwa wowote pamoja na swali moja: je, rangi hizi zinahesabu wagonjwa wote, au wagonjwa kwa kila watu 100,000? Kwa hesabu ya kwanza, nchi yenye watu wengi inaweza kukoza rangi ingawa hatari kwa mkazi wake ni ndogo. Ramani hizo zinaposambazwa, ufunguo, yaani maelezo ya maana ya rangi, ndio unaokatwa kwanza, kwa hiyo ukateni nanyi, kisha mwone ni nani atakayeudai.