Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Soma Pawa Saplai Kabla ya Kununua Kadi

SWALI: Habari za kazi. Nina kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ya kasha kubwa (MT). Prosesa ni Core i5-3470, RAM ni GB 4 ya kipande kimoja, hadi diski (hard disk) ni GB 500. Nimejikusanyia shilingi 450,000 na ninataka kucheza GTA V na gemu za mpira. Kuna mtu hapa mjini anauza kadi ya picha ya Radeon RX 580 ya GB 8 kwa bei nzuri. Nikiichukua si nitakuwa nimemaliza kazi? – Mwanachuo, Ng'hong'honha, Dodoma

JIBU: Usiichukue. Kadi yenyewe ni nzuri, ila kompyuta yako haiwezi kuilisha. Pawa saplai ya 7010 MT, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, ni ya wati 275 tu. RX 580 peke yake inahitaji kama wati 185, tena inadai waya wa umeme wa pini 8 ambao pawa saplai yako haina.

Hapo muuzaji atakutolea adapta ya kuvuta umeme kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya kulisha hadi diski. Tunakusihi uikatae. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Sloti ya kadi kwenye madabodi (ubao mkuu) inatoa wati 75 kwa juu kabisa. Zilizobaki, zaidi ya mia moja, zitapita kwenye kale kaplagi. Kwa dakika kumi za mwanzo utaona mambo shwari, kisha plastiki inaanza kulainika, harufu inatoka, na gemu zito likiwaka kompyuta inazima ghafla. Ukibahatika, kitakachoungua ni adapta peke yake.

Tafuta kadi inayoridhika na umeme wa sloti: GTX 1050 Ti ya GB 4, au GTX 1650 kama pesa inafika. Zote mbili zimepangiwa wati 75. Angalizo moja: baadhi ya GTX 1650 zimeongezewa tundu la pini 6, hivyo kagua ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa. Ukiona tundu, iache. Piga hesabu mwenyewe: prosesa wati 77, kadi 75, diski, feni na madabodi, jumla haifiki 200. Pawa saplai yako ya 275 inatosha na kubaki.

Je, ukibadilisha pawa saplai? Kwa MT inawezekana, maana inatumia umbo la ATX na plagi ya pini 24 ya kawaida. (Mwenye OptiPlex 9020 asifuate hili, ile ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe.) Lakini kwa 450,000 utakuwa umehamisha pesa ya RAM na SSD (diski ya kasi) kwenye kitu kisichoongeza hata fremu moja, yaani picha ambazo gemu linaonyesha kila sekunde. Na pawa saplai za bei ya chini zilizoandikwa "500W" kwa herufi kubwa zinadanganya. Soma kibandiko, mstari wa volti 12, zidisha ampea kwa 12. Ukipata ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama nje pameandikwa nini.

Baada ya kadi, RAM. GB 4 hazitoshi, na kipande kimoja kinaifanya prosesa isome kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili. Nunua vipande viwili vinavyofanana vya GB 4, au vya GB 8 ukiweza, aina ya DDR3 yenye kasi ya 1600. DDR4 haiingii, usiilazimishe. Kwenye kibandiko tafuta PC3-12800U. Ukikuta herufi R mwishoni, PC3-12800R, hiyo ni RAM ya seva. Huuzwa rahisi sana na inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila kompyuta haitawaka.

Kinachobaki kinunulie SSD ya SATA. Haitaongeza fremu, itapunguza kusubiri na kule kukwamakwama unapokimbiza gari mjini. Ukipata ya GB 240 weka Windows na gemu moja, mengine yaache kwenye hadi diski. GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 100.

Kuhusu prosesa, usiiguse kwanza. Watengenezaji wa GTA V walipotaja kompyuta wanayoipendekeza kwa toleo la 2015 waliandika i5-3470, hiyo hiyo yako, pamoja na kadi ya GTX 660. Kwenye mpira hali ni tofauti. EA Sports FC 24 inataka angalau i5-6600K na GTX 1050 Ti, hivyo kadi utakuwa nayo lakini prosesa itakuwa chini ya kiwango. FIFA 22 na za nyuma yake zitakwenda bila shida. Tena prosesa za kizazi cha tatu kama yako hazina AVX2 (amri za hesabu za ndani ya prosesa), na baadhi ya gemu mpya zinakataa kufunguka bila hiyo, hata uweke kadi ya milioni. Baadaye ukipata i7-3770 ya bei nafuu, inakaa kwenye soketi ile ile.

Wakati wa kufunga, anza na BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayoiamsha kompyuta: ipandishe hadi toleo la A29, kwa sababu 7010 yenye BIOS ya zamani hugoma kuonyesha picha kwa kadi mpya. Fanya hivyo ukiwa na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi inakufa. Kisha zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, gusa chuma kitupu cha kasha. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu na mwili unabeba chaji, na cheche usiyoisikia inatosha kuua kipande cha RAM. Sukuma kadi kwenye sloti ndefu iliyo karibu na prosesa hadi kibano kilie, funga skrubu, kisha hamisha waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi yenyewe. Wengi wanaotuambia kadi mbovu wameuacha waya kwenye madabodi.

SWALI: Yangu pia ni 7010, ila lile kasha dogo la kulala (SFF). Kadi hizo zitaingia? – Kondoa

JIBU: Za kawaida haziingii, kasha lako linataka kadi fupi. Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina sentimita 12, la kwako liwe kama 8. GTX 1050 Ti na GTX 1650 fupi zipo, ila nyingi ni nene na zinachukua nafasi ya sloti mbili, hivyo fungua kasha upime kwa rula nafasi kati ya sloti na pawa saplai kabla ya kuagiza. Nafasi ikiwa finyu, tafuta RX 6400 nyembamba ya sloti moja, wati 53. Ila hiyo inatumia njia nne tu za PCIe (mawasiliano ya kadi na madabodi), na kwenye madabodi za zamani inapoteza sehemu ya nguvu zake. Hakikisha pia bati fupi limo ndani ya boksi, maana hapa Dodoma hulipati dukani kirahisi.

SWALI: Niliagiza GTX 1050 Ti kutoka Dar, ikaja na basi. Windows inaitambua kwa jina hilo hilo, lakini gemu likifunguka tu skrini inakuwa nyeusi. Fundi amebadilisha draiva mara tatu. Ina tundu la VGA, la DVI na la HDMI. – Manyoni, Singida

JIBU: Pole sana. Hilo tundu la VGA linatosha kututia mashaka: chipu ya 1050 Ti halisi haitoi picha ya VGA. Uliyopewa, kwa dalili hizo, ni kadi ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti ambayo BIOS yake imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina la uongo. Windows inaamini jina. Draiva ikianza kuituma kazi ya 1050 Ti, inaanguka.

Pakua programu ya bure ya GPU-Z uifungue. Mara nyingi itaandika neno FAKE mbele ya jina. Isipoandika, tazama idadi ya sheda (Shaders), vile vikokotoo vidogo vya ndani ya chipu: 1050 Ti ina 768, GTS 450 na GTX 550 Ti zina 192. Piga picha ya skrini hiyo, mrudishie muuzaji, dai pesa yako. Safari nyingine mwombe akutumie picha ya GPU-Z na video fupi ya gemu likicheza kabla hujatuma hata shilingi.

SWALI: Kompyuta inacheza vizuri asubuhi, mchana inakuwa nzito kisha inajizima. – Nzuguni

JIBU: Joto, na nyuma ya joto ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa huku unaingiza vumbi laini linaloziba mapezi ya kipoza joto kama blanketi. Weka programu ya HWMonitor uone: prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe, ikizidi inazima.

Toa kompyuta nje, puliza kwa blowa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu mhimili unachakaa. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama mashine ina miaka zaidi ya mitano, ng'oa kipoza joto, futa pesti iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Inue kasha kutoka sakafuni. Kwa huku, rudia kupuliza kila baada ya miezi miwili wakati wa kiangazi.

SWALI: Nimeletewa kompyuta kutoka Marekani. Nyuma kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115. Nichomeke tu? – Mpwapwa

JIBU: Usichomeke! Umeme wetu ni volti 230. Ukiwasha kiswichi kikiwa 115, pawa saplai inapasuka papo hapo. Kwanza waya uwe nje ya ukuta, kisha sogeza kiswichi kwa bisibisi hadi isomeke 230, ndipo uchomeke. Kama hakuna kiswichi, soma kibandiko: pakiandikwa 100-240V inajirekebisha yenyewe, pakiandikwa 115V peke yake hiyo pawa saplai ibadilishwe kabla ya kuwasha.