Amplifaya ya valvu ya babu: utoe nini?

Kaka, umeuliza utoe vipuri gani kwenye hiyo amplifaya aliyoiunda babu yako. Usiwape wa vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, watakupimia kwa kilo tu. Mali yenyewe ni transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu na spika. Ikiwa nzima itunze kuliko vyote, maana kuagiza mpya ni ghali na ina uzito. Valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) kama EL84 na ECC83 toa taratibu, pamoja na soketi za kauri. Kapasita (vihifadhi chaji) za elektroliti tupa, zimekauka. Za karatasi nazo huvujisha umeme.

Ila tafadhali sana: chomoa plagi kwanza, ondoa chaji kwenye kapasita kubwa kwa rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-omu 10, wati 5, kisha pima volti kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Kwenye kapasita hizo huweza kubaki volti 300 na zaidi hata ukishachomoa plagi, na zinaua.