Vidaka ukutani si ushamba

Dada, umeuliza kama kuweka vidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu ndani ya ukuta, kwenye sebule ya nyumba mpya ni ushamba. Hata kidogo! Vinarudi, na mimi nafurahi mno. Kule Lamu wanaviita zidaka: nyumba za mawe za karne ya 18 zina kuta nzima za vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, ndipo zilipopangwa sahani za kauri kutoka China.

Ila angalia jambo moja. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, nene sana, kwa hiyo kidaka kinazama ndani bila shida. Ukuta wa tofali la inchi 6 hauna unene huo. Usikubali kabisa fundi auchimbe, hasa kama umebeba zege la juu. Mwambie ajenge ukuta wa pili mbele ya huo, wenye vidaka; kina cha sentimita 20 kinatosha vitabu na birika la bibi. Lipu iwe ya chokaa, maana inapumua, na huko pwani unyevu wa chumvi hubandua rangi upesi. Na tafadhali, usivijaze vyote.