Wasomaji wanauliza: friza, mazutu na makala

SWALI: Nauza samaki wa barafu kwa friza mbili za kufungulia juu. Umeme hukatika kwa muda wa saa nne hadi sita karibu kila siku, na ukikatika nawasha jenereta ya kVA 10. Kwa siku inakula lita 6 za mazutu. Kampuni moja ninayoiuzia samaki imeniomba niandike natoa hewa ukaa kiasi gani na nitapunguzaje. Nianzie wapi? (Mama mfanyabiashara, Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, hesabu yenyewe ni fupi. Lita moja ya mazutu ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Lita 6 kwa siku 30 ni lita 180, yaani kilo 486 kwa mwezi. Umeme wa gridi kwetu karibu wote unatoka majini: Mwadingusha kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na ule unaosafiri kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi. Kwa hiyo katika barua yako mazutu ndiyo mzigo. Umeme uandike, lakini ni kidogo sana.

Kabla ya kufikiria jenereta nyingine, jiulize kama friza zinaihitaji kweli. Friza iliyojaa na kufika digrii −18, ikibaki imefungwa, hushika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Umeme kukosekana saa tano hakuyeyushi samaki. Kinachoyeyusha ni kifuniko kufunguliwa kila mteja anapotaka kuchagua mwenyewe. Basi friza moja iwe ya akiba, na umeme ukikatika asiiguse mtu. Samaki wa kuuza mchana watoe asubuhi, waweke kwenye kisanduku cha baridi pamoja na barafu.

Nafasi zilizobaki ndani ya friza zijaze kwa chupa za maji ya chumvi, gramu 100 za chumvi kwa lita moja. Barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri, na kufikia hapo samaki ameshalegea. Ya chumvi kiasi hicho inayeyuka kidogo kidogo na kumalizika karibu na −6, bado samaki ni mgumu. Usiseme ukizidisha chumvi ndiyo itafaa zaidi: ukitia gramu 300 kwa lita, maji hayo hayatagandishwa na friza yako. Acha sehemu ya kumi ya chupa wazi, la sivyo itapasuka.

Siku ambazo jenereta haiepukiki, hiyo ya kVA 10 ni kuchukua lori kwenda kununua kifungu kimoja cha sombe. Friza ikishaamka inavuta wati 200 au 300 tu. Injini ya mazutu inayobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na ukichungulia bomba la moshi utaona utelezi mweusi unadondoka. Pima mwenyewe: jaza tangi hadi shingoni, endesha saa moja friza zikiwa zimechomekwa, kisha rudishia kwa chombo chenye alama za lita. Jenereta ya kVA 3 inatosha, ila usiwashe friza zote pamoja. Kompresa inapoamka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Chomeka ya kwanza, ngoja dakika tatu, ndipo uchomeke ya pili.

Kuna jambo ambalo mteja wako huenda hatakuuliza: gesi ya friza. Soma kibandiko cha nyuma. Kilo moja ya gesi iitwayo R-134a ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Friza yenye gramu 200 ikiimwaga yote ni kilo 286, sawa na kuchoma lita 106 za mazutu. Fundi anayekuja kuongeza gesi kila miezi sita bila kutafuta tundu anakula pesa yako bure. Apake povu la sabuni kwenye maungio kwanza. Kibandiko kikisema R-600a, hiyo inawaka moto: asiwashe gesi ya kuchomelea ndani ya chumba kabla haijatoka yote na madirisha kufunguliwa.

SWALI: Ofisini tumebadilisha balbu zote, tumeweka LED. Tumepunguza hewa ukaa sana? (Bel-Air)

JIBU: Faktire ya umeme mmepunguza: wati 9 badala ya 60. Hewa ukaa, kidogo mno, kwa sababu ile ile ya umeme wa maji. Hesabuni esansi ya magari yenu, kilo 2.3 kwa kila lita, halafu muulizane nani anaenda mjini peke yake na gari la viti vitano.

SWALI: Nyumbani tunapika kwa makala, hatuna njia nyingine. Tufanye nini? (Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mama, kwenye matanuru ya udongo kilo moja ya makala inakula kilo 5 hadi 10 za kuni za miombo. Kila kilo usiyonunua, hizo zinabaki porini. Mbabula yenye udongo ndani inaweza kuokoa theluthi hivi. Makala yakibaki, yazime kwa kuyafungia kwenye mkebe wenye kifuniko, si kwa maji, nawe utayatumia kesho. Mbabula yenye makaa usiilaze ndani ya nyumba iliyofungwa, inaua.

Maharagi ndiyo yanayomaliza gunia. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 20 (dakika 10 za mwanzo ni za lazima, mabichi yana sumu), kisha funika sufuria na uizike kwenye kapu lililojaa nguo kuukuu au blanketi. Baada ya saa tatu au nne yameiva. Yakibaki magumu, mara nyingi sufuria haikujaa, joto likakimbia. Yarudishe motoni yachemke, ndipo yarudi kapuni. Bukari haiivi kapuni: yenyewe inataka moto na mwiko.