Kabla ya Kupiga Dawa, Tazama Kiuno

Msomaji mmoja kanitumia picha ya sukuma wiki zilizobaki mishipa mitupu. "Kaka, nimepiga Bt nikarudia, na viwavi wanazidi kunenepa." Nikaivuta ile picha. Weusiweusi, wamejikunja, na tumboni wana miguu ya bandia kibao. Ndugu yangu, utapiga Bt, ile dawa ya bakteria, mpaka pampu ikuchubue mgongo! Hao ni watoto wa nyigu-msumeno, na Bt ya mbogani ni ya viwavi wa nondo na vipepeo.

Hesabu miguu. Ukiacha jozi tatu za mbele, kiwavi wa nondo hazidishi jozi tano. Ukiona sita au zaidi, ni huyu.

Mama yao ana tumbo la rangi ya machungwa na mabawa meusi. Kiuno hana, kifua kimeshikana na tumbo moja kwa moja. Huku nyuma ana kifaa chenye meno cha kupasulia jani, yai liingie ndani.

Sasa msimchanganye na nyigu wangu, askari wa shamba. Diadegma semiclausum ni mdogo, mweusi, kiuno chembamba hata unajiuliza chakula kinapitia wapi. Yeye jani halimhusu. Anamdunga kiwavi wa nondo mgongo-almasi, yule mharibifu wa sukuma na kabichi, yai moja, funza anamla mwenyeji kwa ndani, anamwacha asuke kifuko chake, kisha anammaliza na kusuka chake humo humo. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimleta kutoka Taiwan, na huku kwetu Taita aliachiliwa mwaka 2002.

Nilipoacha dawa kali, mwenye agroveti mmoja alinicheka mbele ya wateja, eti nafuga wadudu. Sijasahau. Siku hizi mkewe hununua sukuma kwangu, na bei simpunguzii.

Vijana, mnataka hela ya mboga lakini kuinama shambani hamtaki. Mnamwaga sumu inayoua adui na askari pamoja, halafu mnalia viwavi wamerudi. Inama! Geuza jani! Tazama kiuno!

Watoto wa nyigu-msumeno hujiachia wakiguswa, kwa hiyo shika beseni la maji ya sabuni chini ya jani na utikise. Ukishavuna, chimbua udongo kwenye mashina, maana humo ndimo wanamojificha kugeuka. Kisha fungulia kuku.